Baada ya "Salama": Mshauri wa Taaluma na Mwanafunzi Atokaye Marambo

Mwezi Oktoba huzikuta familia nyingi za Marambo, yaani upande wa Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, zikiwa na shughuli mbili kwa mpigo. Shughuli ya kwanza ni korosho: huokotwa, huanikwa, hupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, kisha husubiri mnada. Ya pili ni safari ya kijana aliyepata nafasi ya chuo kikuu. Mambo haya mawili yamefungamana. Nauli, godoro, sehemu ya ada na fedha za kula mpaka mkopo utakapoingia hutazamiwa kutoka katika malipo ya zao hilo. Mnada ukisogea mbele kwa majuma matatu, safari nayo husogea. Kijana akiwasili chuoni wakati wenzake wamekwisha kusikiliza mihadhara ya mwanzo ya anatomia, daftari la usajili huandika neno moja tu: amechelewa.

Anayepaswa kujua kilichofichika nyuma ya neno hilo ni mshauri wa taaluma. Huyu ni mhadhiri ambaye chuo humkabidhi kundi dogo la wanafunzi ili afuatilie mwenendo wa masomo yao tangu mwaka wa kwanza hadi wanapohitimu. Asichanganywe na Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ni mkuu wa ofisi inayoshughulikia malazi, nidhamu na ustawi wa wanafunzi wote. Mshauri wa taaluma hana ofisi ya pekee wala bajeti. Ana majina kadhaa kwenye orodha, saa chache katika juma, na mamlaka ya kuuliza swali ambalo mtu mwingine hataliuliza. Makala haya yanaeleza jinsi saa hizo chache zinavyoweza kutumika, hususan kwa mwanafunzi wa fani za afya anayetoka vijijini, na kwa nini jambo hilo liwahusu pia wahudumu wa zahanati, wazazi na wagonjwa walioko mbali na chuo.

Kwa nini mgonjwa wa Ruangwa ajali

Elimu ya udaktari nchini ilianza mwaka 1963, Chuo cha Tiba cha Dar es Salaam kilipofunguliwa katika hospitali ambayo leo ni Muhimbili. Chuo hicho kilipita hatua nyingi: kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Tangu wakati huo vyuo vya tiba vya umma na vya binafsi vimeongezeka. Hata hivyo, njia ya kumfikisha daktari wodini haijafupika. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, na baada yake mhitimu hufanya kazi mwaka mmoja akiwa daktari tarajali chini ya usimamizi. Mwanafunzi akianguka katika mwaka wa pili na kuondolewa masomoni, nafasi yake haijazwi na mtu mwingine siku ya pili. Daktari mmoja amepungua katika hesabu ya miaka 6.

Upungufu huo haugawanyiki sawasawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu namna ya kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, na mwaka 2021 likauhuisha. Miongoni mwa mapendekezo yake ya mwanzo ni kudahili wanafunzi waliolelewa vijijini, kwa kuwa ushahidi kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi vijijini. Lakini kudahili ni nusu ya kazi. Kijana wa kijijini aliyedahiliwa kisha akaachwa ahangaike peke yake mpaka akaondolewa masomoni hajamsaidia mgonjwa yeyote. Kwa hiyo ushauri wa taaluma usihesabiwe kuwa hisani ya mhadhiri mwenye moyo mwema. Ni kiungo katika mnyororo unaoanzia darasa la sayansi la sekondari ya kata na kuishia kwenye chumba cha kujifungulia cha hospitali ya wilaya.

Jibu la kwanza ni adabu

Kila mhudumu wa afya anayezungumza Kiswahili na wagonjwa wake anafahamu jambo hili hata kama hajawahi kulitamka. Mgonjwa huingia chumbani na kusalimiwa: "Habari za nyumbani?" Naye hujibu: "Salama." Baada ya kitambo huongeza: "Ila mtoto hajalala usiku kucha." Neno la kwanza lilikuwa adabu, na taarifa imekuja baada ya "ila". Tabibu mwenye haraka, anayeandika "hana malalamiko" mara tu asikiapo "salama", atakosa ugonjwa uliomleta mtu huyo.

Mwanafunzi mbele ya mshauri wake hufanya vivyo hivyo, tena kwa uzito zaidi. Amefundwa tangu utotoni kwamba mkubwa halalamikiwi, na kwamba mwenye elimu hasumbuliwi na shida za nyumbani. Husema "Shikamoo, Daktari," huitikiwa "Marahaba," huulizwa "Masomo yanakwendaje?" naye hujibu "Yanakwenda vizuri, Daktari." Mazungumzo yakiishia hapo, fomu itatiwa sahihi na mkutano utahesabiwa kuwa umefanyika. Miezi minne baadaye matokeo yatatoka, na mshauri atashangaa.

Ustadi wa kwanza wa mshauri, basi, ni kuisubiri "ila". Unajengwa kwa mambo madogo. Mwanafunzi apewe kiti kabla ya kuulizwa lolote. Mlango ufungwe, simu iwekwe kando. Badala ya swali linaloweza kujibiwa kwa neno moja, aulizwe maswali yanayohitaji maelezo: Juzi jioni ulisoma nini, na ulisomea wapi? Chakula cha mchana unakula wapi? Ni somo lipi linalokuchosha kuliko mengine? Nyumbani mnawasiliana mara ngapi, na aliyepiga mara ya mwisho alikuwa na habari gani? Kisha mshauri anyamaze. Ukimya wa nusu dakika humsumbua mhadhiri aliyezoea kuzungumza, lakini aghalabu ndani yake ndimo "ila" inapojitokeza.

Kuchukua historia kabla ya kutoa hukumu

Alama mbaya ni dalili. Kama ilivyo homa, haitoshi kuitaja; lazima chanzo chake kitafutwe, na vyanzo huwa vingi. Mshauri aliye daktari au muuguzi tayari anayo njia hiyo mikononi: husikiliza, huorodhesha visababishi vinavyowezekana, huondoa kimoja kimoja, hutibu anachoweza, hutoa rufaa kwa asichokiweza, na hupanga siku ya marejeo. Tofauti ni kwamba hapa visababishi vinapatikana katika maisha ya mtu, navyo hutegemea anakotoka.

Kisababishi cha kwanza ni fedha na majira yake. Tangu msimu wa 2007/08 korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hukabidhi mzigo wake ghalani, mzigo huuzwa mnadani, na malipo humfikia baadaye. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza kupitia chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI. Mfumo huu una faida zake, lakini maana yake ni kwamba mkulima hana uhakika wa tarehe ya kushika fedha. Mwezi Novemba 2018, baada ya minada kukwama kwa sababu ya bei, Serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipa jeshi jukumu la kuzisomba. Kisha ukafuata uhakiki wa wakulima, na wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka katika nyumba inayotegemea zao hilo aliingia muhula wake wa kwanza bila fedha, na hakuwa na kosa lolote. Mshauri anayejua kwamba korosho ni za mwisho wa mwaka na ufuta huuzwa katikati ya mwaka anaweza kutabiri miezi ambayo mwanafunzi wake atakuwa na njaa.

Kisababishi cha pili ni umbali. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko. Leo safari imekuwa nyepesi, lakini haijawa ya uhakika siku zote. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Mwanafunzi aliyekwenda kumzika bibi yake katika majira kama hayo anaweza kukosa jaribio bila ya kupenda. Kanuni za vyuo zina nafasi kwa dharura za namna hiyo, ila humtaka mwanafunzi atoe taarifa kwa maandishi na mapema. Wengi hawajui, hurudi kimya kimya, na alama ya sifuri hubaki ilivyo.

Kisababishi cha tatu ni ukoo na mamlaka ndani yake. Katika mila za jamii nyingi za kusini, wakiwemo Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba huwa na sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Mshauri anayeuliza "Baba yako anafanya kazi gani?" na kuandika jibu huenda hajamgusa mtu anayelipa ada wala anayeamua kama kijana aendelee na masomo. Swali lililo bora ni hili: "Nyumbani, jambo lako likitatizika, nani huketi kulizungumza?" Aidha, mwanafunzi wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu hubeba mzigo usioonekana. Akipata bumu, kama wanafunzi wanavyoziita fedha za kujikimu za mkopo, huenda sehemu yake ikatumwa nyumbani siku hiyo hiyo kununua dawa au sare za mdogo wake. Si ubadhirifu. Ni wajibu, nao huzungumzwa kwa heshima.

Kisababishi cha nne ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha sekondari hubadilishiwa lugha ya kufundishia kuwa Kiingereza. Anapofika chuo kikuu amekwisha kujua kufaulu mitihani kwa Kiingereza, lakini kitabu cha fiziolojia chenye kurasa mia kadhaa ni jambo jingine. Kuna njia rahisi ya kutenganisha asiyeelewa somo na asiyeelewa lugha: mwambie aeleze kwa Kiswahili jinsi figo inavyochuja damu. Akieleza vizuri, ubongo wake hauna kasoro. Anachohitaji ni msamiati, kikundi cha kusomea na muda. Asipoweza kueleza kwa lugha yoyote, ndipo turudi kwenye somo lenyewe.

Kisababishi cha tano ni namna ya kusoma. Wanafunzi wengi waliotamba sekondari hufika chuoni wakiwa na mbinu moja: kusoma daftari tena na tena mpaka usiku wa manane. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walilinganisha mbinu hiyo na mbinu ya kujipima. Baada ya juma moja, waliosoma kifungu mara nne walikumbuka takribani asilimia 40 ya yaliyomo. Waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu bila kukitazama walikumbuka asilimia 61. Cha kuzingatia zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini kuwa wangekumbuka vizuri. Mshauri anaweza kumfundisha mwanafunzi jambo hili kwa dakika 5: funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, fungua, sahihisha, kisha rudia baada ya siku mbili. Halihitaji kompyuta wala fedha.

Kisababishi cha sita ni afya yake mwenyewe, nacho husahauliwa mahali ambapo hakikutarajiwa kusahauliwa. Mwanafunzi anayekaa nyuma ya ukumbi na haoni maandishi ya ubaoni anahitaji miwani tu. Mwenye selimundu hukosa vipindi kila anapopata maumivu, na huogopa kusema asije akaonwa hafai kuwa daktari. Wapo wenye kifafa wanaoficha dawa, wajawazito wanaoficha mimba, na wenye upungufu wa damu wanaosinzia darasani. Yapo pia maradhi ya akili. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, uliokusanya takwimu za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi 43, ulionyesha kwamba asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa wamepata mawazo ya kujiua. Kati ya waliobainika kuwa na dalili za sonona, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Katika kila wanafunzi 10 wa mshauri, basi, si ajabu wawili au watatu wakawa wanaumia kimya.

Mshauri wa taaluma hatakiwi kuwa mtaalamu wa saikolojia. Anatakiwa kutambua mabadiliko: aliyekuwa msafi akaacha kujitunza, aliyekuwa mchangamfu akajitenga, anayesema hana usingizi au haoni maana ya kuendelea. Akihofu kwamba mwanafunzi anafikiria kujiua, amuulize waziwazi na kwa upole. Tafiti zimeonyesha kuwa kuuliza hakupandikizi wazo hilo; kwa wengi huleta nafuu. Jibu likiwa ndiyo, mwanafunzi asiachwe peke yake hata kidogo: mshauri amsindikize yeye mwenyewe hadi kwa mtoa huduma siku hiyo hiyo.

Milango ya rufaa

Kusikiliza bila kujua pa kumpeleka mtu ni sawa na kupima bila kutibu. Kila mshauri anastahili kuwa na karatasi moja mezani yenye milango ifuatayo, na kuihuisha kila mwaka wa masomo unapoanza.

Mlango wa kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, nayo hudai nyaraka ambazo familia ya kijijini huchukua muda kuzipata, hasa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na, kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi. Mwanafunzi aliyekosa mkopo au kupewa pungufu ana haki ya kukata rufaa dirisha la rufaa linapofunguliwa. Wengi huikosa kwa kutojua tarehe. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia Ufadhili wa Samia kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Ikumbukwe kwamba kurudia mwaka kunaweza kusimamisha mkopo. Kwa sababu hiyo onyo la mapema kuhusu alama ni jambo la kitaaluma na la chakula kwa pamoja.

Mlango wa pili ni kanuni za mitihani za chuo. Wanafunzi wana msamiati wao: "sapu" ni mtihani wa marudio, "kudisko" ni kuondolewa masomoni. Maneno haya hupita vyumbani yakiwa yamejaa hofu na uvumi, na mara nyingi hofu hiyo hutokana na kutosoma kanuni zenyewe. Mshauri azisome pamoja na mwanafunzi: alama ya kufaulu ni ipi, tathmini endelevu ina uzito gani, marudio hufanyika lini. Zaidi ya yote, amweleze kuhusu kuahirisha masomo. Mwanafunzi aliyeugua au aliyefiwa na mlezi katikati ya muhula anaweza kuomba kuahirisha na kurejea mwaka unaofuata akiwa na nafasi yake. Asiyeomba akaingia kwenye mitihani akiwa hoi, akashindwa, huhesabiwa kuwa ameshindwa.

Mlango wa tatu ni zahanati ya chuo na kitengo cha unasihi. Mshauri ajue jina la mtu wa kupokea rufaa, siku anazokuwapo, na njia ya kumpata nje ya saa za kazi. Karatasi inayosema "nenda kwa mnasihi" huishia mfukoni. Simu inayopigwa mwanafunzi akiwa bado ameketi, kwa ridhaa yake, hufungua mlango kweli.

Mlango wa nne ni wenzake. Mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyetoka Nachingwea na kupita humo humo anaweza kumsaidia wa mwaka wa kwanza kwa namna ambayo mhadhiri hawezi. Jambo hili si geni kusini. Katika jando na unyago hakuna mwali anayeingia peke yake. Kila mmoja ana mtu aliyekabidhiwa kumlea, aliyepita njia hiyo kabla yake. Chuo kikuu kinaweza kujifunza kutokana na hekima hiyo.

Mwisho ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, na taarifa za afya zimewekewa ulinzi mkubwa zaidi. Mshauri aandike kwa ufupi: tarehe, jambo lililozungumzwa, hatua iliyokubaliwa, siku ya kukutana tena. Maelezo ya ugonjwa yabaki zahanati. Kundi la WhatsApp la washauri au la darasa si mahali pa kumtaja mwanafunzi kwa jina na tatizo lake. Mwanafunzi aambiwe mapema pia mpaka wa siri hiyo: uhai wake au wa mwingine ukiwa hatarini, mtu wa tatu atahusishwa.

Ratiba inayowezekana

Wahadhiri wana kazi nyingi, na ushauri unaodai muda usiokuwapo hautafanyika. Mikutano minne kwa mwaka inatosha kwa walio wengi, ikiwekwa mahali pake. Wa kwanza ufanyike ndani ya majuma mawili ya mwanzo, kabla hakijaharibika kitu. Huu ndio wa kufahamiana, kuuliza juu ya fedha, malazi na afya. Wa pili ufanyike mara baada ya jaribio la kwanza, kwa kuwa dalili ya mvua ni mawingu, na alama za jaribio hilo ndizo mawingu yenyewe. Wa tatu uwe mwezi mmoja kabla ya mitihani ya mwisho, wa kupanga ratiba ya kusoma. Wa nne uje baada ya matokeo, kwa waliofaulu pia, maana aliyefaulu bila kuambiwa neno hujifunza kwamba mshauri ni mtu wa kuonana naye katika balaa tu.

Wale wawili au watatu wenye matatizo watahitaji zaidi, kama wodini ambako mgonjwa mahututi hupimwa mara nyingi kuliko wengine.

Ushauri huanzia zahanati

Kabla kijana hajakutana na mshauri wa chuo, amekwisha kushauriwa na wengi. Muuguzi wa zahanati ya kijiji huulizwa na mwanafunzi wa kidato cha nne: "Dada, nikitaka kuwa kama wewe nifanyeje?" Jibu sahihi hapo lina thamani kubwa. Anayetaka udaktari kupitia kidato cha sita anahitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia katika ngazi ya masomo makuu. Aliyeshindwa njia hiyo hajafungiwa: stashahada ya utabibu au ya uuguzi, ikihitimishwa kwa wastani mzuri, humfungulia mlango wa shahada baadaye, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani teule, afya ikiwa mojawapo. Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada hutuma maombi moja kwa moja chuoni, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa kitabu cha mwongozo kinachoorodhesha programu zinazotambuliwa na sifa zake. Kitabu hicho kisomwe kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejitangaza kuwa wakala.

Waganga na wauguzi wa hospitali za wilaya huwapokea pia wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Kwa majuma hayo wao ndio washauri. Mwanafunzi akimsikia tabibu mkongwe akieleza kwa nini amebaki Ruangwa miaka yote, au akiachiwa ampime mjamzito huku akielekezwa kwa upole, hupata kitu ambacho hakipo katika mihadhara ya mjini. Akidhalilishwa mbele ya wagonjwa, hupata somo pia: kwamba huku si mahali pa kurudi. Wagonjwa nao wana sehemu yao. Anayekubali kwa hiari yake mwanafunzi amsikilize mapigo ya moyo amechangia kumfundisha.

Kwa wazazi, walezi na wajomba, ombi ni moja. Kijana anapopiga simu na kusema "huku salama," msikate upesi. Mwulizeni amekula nini leo, amelala saa ngapi, na kama amekwisha kuonana na mshauri wake. Mwambieni kwamba kwenda kwa mshauri si kujidhalilisha na wala si kushitaki. Korosho zikichelewa, msimfiche: mwambieni mapema ili naye aiambie ofisi ya chuo mapema, kwa maandishi. Barua ya mwezi Novemba hupokelewa kwa sikio tofauti na maelezo ya mwezi Februari, matokeo yakiwa yamekwisha kubandikwa.

Na kwa mshauri anayeipokea orodha mpya ya majina mwaka huu, kazi ya kuanza nayo haihitaji ruhusa ya mtu. Atafute kila mmoja anatoka wilaya gani, nyumbani kwao hulima nini na huuza lini. Apange tarehe ya mkutano wa kwanza kabla juma la pili halijaisha. Siku hiyo aweke viti viwili, afunge mlango, aulize habari, na akiisha kujibiwa "salama," asubiri.